Namna ya Kushika Mdundo Kabla ya Kuupamba

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza dramu hapa Mbeya, wengi wao wakitoka katika kwaya za Uyole, Mwanjelwa na Iyunga, huanza karibu wote na ombi moja: wanataka kufundishwa kupiga haraka. Wamemtazama mpigaji fulani kwenye simu, mikono haionekani kwa kasi, fimbo inarushwa hewani na kudakwa, matoazi yanalia kama bati la kanisa wakati wa mvua ya Machi, na wao wanataka wawe wamefika hapo kabla ya Pasaka. Siwalaumu, kwa kuwa nami nilianza hivyo hivyo. Mwongozo huu, hata hivyo, unahusu hatua inayolitangulia ombi hilo: namna ya kushika mdundo mmoja mwepesi mpaka watu wengine waweze kuimba na kucheza juu yake, na baada ya hapo namna ya kuamua ni pambo gani linastahili kuongezwa, mahali gani, na kwa kiasi gani.

Ninaposema mdundo, nakusudia mwendo unaojirudia tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho: kiki, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu wa kulia, snea, ile ngoma ya mbele ya mpigaji inayoijibu kwenye hesabu ya pili na ya nne, na haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu wa kushoto, inayougawa muda kati yao. Duru ni hesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha unarudi kwenye moja. Madoido ni mapigo yanayotoka nje ya mwendo huo kwa muda mfupi, kwa kawaida mwishoni mwa ubeti, ili kuuvusha wimbo kwenda kwenye kiitikio. Madoido yakizidi haja ya wimbo, yakapigwa ili mpigaji aonekane, hapo ndipo ninapoyaita mbwembwe.

Moja isiyofichwa

Katika miaka yangu ya mwanzo nilialikwa kuipigia kwaya moja kwenye harusi kule Tukuyu. Wimbo ulikuwa wa kawaida, na ulipofika kwenye sebene, ile sehemu ya kuchezea, akina mama walikuwa wamekwisha kujipanga katikati ya ukumbi, vitenge vimefungwa barabara, wakienda mbele na kurudi kwa hatua zile zile. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Niliacha haihati na kiki, nikahamia kwenye tomu, zile ngoma nyingine za seti, kwa duru mbili nzima, nikamalizia kwa toazi kubwa. Mikono yangu haikukosea hata pigo moja, lakini nilipoinua macho akina mama walikuwa wamesimama. Hawakuwa wamekasirika, miguu yao ilikuwa imekosa pa kukanyaga. Mpiga besi aliingia nusu hesabu kabla yangu, sauti ya kwanza ikaenda naye, sauti ya nne ikanifuata mimi, na ulipita ubeti mzima kabla hatujakusanyika tena. Jioni mwalimu wa kwaya aliniita pembeni akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tulikuwa tunaitafuta moja, nawe umeificha."

Sentensi hiyo ndiyo kipimo ninachokitumia mpaka leo, na ndicho ninachotaka msomaji akichukue kabla ya zoezi lolote. Pambo lolote, liwe jepesi au gumu, liwe la pigo moja au la mapigo 30, lina thamani ikiwa anayecheza anaendelea kujua moja iko wapi. Akiipoteza, ufundi uliotumika hauna faida kwake, hata kama wapiga dramu wenzako waliokaa mstari wa nyuma wamekupigia makofi.

Jambo hili si geni kwetu, wala halikuja na seti ya dramu. Katika ngoma za jadi zinazopigwa na watu kadhaa, chapuo, ile ngoma ndogo, hushika pigo lake dogo bila kuchoka, vumi, ile kubwa, hutia uzito chini, na kiongozi wa ngoma hupata uhuru wa kuzungumza, kukata, kuwaita wachezaji na kuwajibu. Uhuru wake unatokana na uaminifu wa wale wengine. Wakiacha wote kwa pamoja ili nao wazungumze, ngoma imekufa. Anayekaa kwenye seti ya dramu amepewa kundi zima alibebe peke yake: haihati ndiyo chapuo lake, kiki ndiyo vumi, na snea pamoja na tomu ndizo mdomo wa kiongozi. Kosa langu la Tukuyu lilikuwa kwamba kiongozi aliondoka na watu wote wa nyumbani.

Hata bendi zetu za dansi zilijua hilo. Msondo na Sikinde yalikuwa majina ya ngoma kabla hayajawa majina ya mitindo ya bendi mbili kubwa za Dar es Salaam, ile iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964 na ile ya Mlimani Park iliyoundwa mwaka 1978. Bendi zenye wapiga magitaa na waimbaji hodari namna ile zilichagua kujulikana kwa ngoma ambayo watu walikuwa wakiicheza zamani, na hadi leo mtu akitaja jina mojawapo, msikilizaji hukumbuka kwanza jinsi mwili unavyokwenda.

Dakika nne bila pambo

Zoezi la kwanza halihitaji hata seti kamili. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi kilichopigiliwa misumari juu ya ubao kinatosha kuwa snea, kiti cha mbao kinatosha kuwa haihati, na kisigino cha kulia sakafuni kinatosha kuwa kiki. Pakua kwenye simu programu ya metronomi, yaani kifaa kinacholia kwa hesabu zilizo sawa, zipo za bure, uiweke kwenye hesabu 80 kwa dakika. Piga kiki kwenye moja na tatu, snea kwenye mbili na nne, haihati mara mbili katika kila hesabu. Endelea kwa dakika nne bila kuongeza wala kupunguza chochote. Ukifanya hesabu utaona kuwa hizo ni duru 80 zinazofanana. Wanafunzi wangu wengi hufika duru ya ishirini kabla mkono haujaanza kutamani kwenda mahali pengine, na tamaa hiyo ndiyo hasa tunayoifanyia mazoezi.

Jirekodi kwa simu nyingine ukiiweka umbali wa hatua tatu au nne, kisha weka fimbo chini na usikilize. Usisikilize huku unapiga, maana mikono itakudanganya. Sikiliza snea kwanza: je, pigo la duru ya 5 na la duru ya 70 yana nguvu ileile? Halafu sikiliza kiki dhidi ya mlio wa metronomi. Pigo likiwa mahali pake hasa, mlio wa metronomi humezwa na kiki usisikike kabisa. Ukisikia milio miwili, umewahi au umechelewa. Mwisho sikiliza haihati, ambayo kwa karibu kila anayeanza huwa na sauti kubwa kupita kiasi, kwa sababu mkono wa kulia ndio wenye nguvu na ndio unaopiga mara nyingi zaidi.

Dakika nne zikikaa sawa kwa siku tatu mfululizo, punguza metronomi hadi 40 lakini uendelee na mwendo uleule wa 80, ukichukulia kwamba kila mlio unaousikia ni hesabu ya pili au ya nne. Sasa moja na tatu unazitunza mwenyewe. Baadaye shuka hadi 20, ikiwa programu yako inafika chini hivyo, upate mlio mmoja tu katika duru nzima. Zoezi hili ni gumu kuliko madoido yoyote niliyowahi kujifunza. Kati ya mlio mmoja na mwingine kuna sekunde tatu za ukimya, na humo ndani mtu hujijua vizuri: kama ana haraka itaonekana, na kama ana woga utaonekana pia.

Kwenye wimbo wenyewe pima hivi. Sikiliza rekodi ya ibada au ya onyesho, uhesabu mapigo ya snea kwa sekunde 30 mwanzoni mwa wimbo, kisha uzidishe kwa nne. Ukihesabu 26, mwendo ni 104. Fanya vilevile mwishoni. Mara ya kwanza nilipojipima nilikuta nimeanza 104 na kumaliza 116, na nilikuwa nikijisifu kwa kwaya nzima kwamba mimi sikimbii. Nilipoisikiliza tena rekodi ile kwa makini niligundua kwamba kasi haikupanda polepole. Ilipanda kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwa mahali nilipopiga madoido. Nilikuwa nikiingia tomu kwa furaha na kutoka nikiwa na kasi mpya, na kwaya ikinifuata kwa sababu haikuwa na namna nyingine.

Ukumbi na mwangwi

Makanisa na kumbi nyingi za huku kwetu zina kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji na paa la bati lisilo na dari. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 20 kutoka kwenye dramu, pigo lako litakwenda na kurudi baada ya sekunde 0.12 hivi. Sasa chukua wimbo wenye hesabu 120 kwa dakika, ambapo kila hesabu ni nusu sekunde. Ukipiga mapigo manne ndani ya hesabu moja, kila pigo liko sekunde 0.125 kutoka kwa jirani yake. Maana yake mwangwi wa pigo la kwanza unarudi pale pale unapopiga la pili, wa pili juu ya la tatu, na kinachomfikia mama aliyekaa katikati ya ukumbi ni uji. Madoido uliyoyafanyia kazi miezi miwili chumbani yamegeuka kelele bila wewe kukosea popote. Snea iliyopigwa mara moja kwenye mbili na mara moja kwenye nne, ikiwa na nafasi mbele na nyuma yake, inafika ikiwa nzima.

Kwa hiyo kabla ya onyesho tembea hadi mwisho wa ukumbi huku mwenzako akipiga, usikilize unachokisikia kutoka huko. Ukumbi ukijaa watu mwangwi hupungua, kwa kuwa miili na nguo hunyonya sauti, lakini haupotei. Kama ukumbi unavuma sana, toazi kubwa lipigwe mwanzoni mwa kiitikio tu, na haihati ibaki imefungwa. Na umeme ukikatika, jambo ambalo kila anayepiga muziki huku analijua, waimbaji hubaki na koo zao tupu wakati dramu haijapungukiwa na chochote. Mpigaji anayestahili kuitwa fundi ni yule anayeweza wakati huohuo kuushusha mdundo wake hadi kwenye mnong'ono bila kuupunguza kasi. Lifanyie mazoezi hili waziwazi: duru nane kwa nguvu, duru nane kwa sauti ambayo haimwamshi mtoto aliyelala chumba cha pili, metronomi ikiwa palepale.

Wepesi unaochosha

Wapo wanaodhani kuwa mdundo mwepesi ni wa wavivu. Kwao nina mfano wa kavacha, ule mdundo wa mbio unaosikika kwenye sebene ya Kikongo na ambao kwaya zetu zimeupokea kwa mikono miwili. Ulipata umaarufu miaka ya 1970 kupitia Zaïko Langa Langa ya Kinshasa na mpiga dramu wake Meridjo Belobi, na husimuliwa kwamba wazo lake lilitokana na mlio wa treni. Sisi tulio karibu na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, hatuhitaji kuelezwa sana. Anayesafiri kutoka Makambako kuja Mbeya haulizi magurudumu yanasemaje. Mazungumzo, usingizi na chakula vyote vinakaa juu ya mlio ule, lakini ukibadilika ghafla abiria wote huinua vichwa.

Sasa hesabu gharama yake. Haihati ikipigwa mara nne katika kila hesabu, kwenye mwendo wa 130, ni mapigo 520 kwa dakika. Sebene ya dakika tano ni mapigo 2,600, na kila moja linatakiwa kufanana na lililotangulia. Mkono uliokakamaa hautafika dakika ya tatu. Utaanza kuuma kwenye kigasha, mapigo yataanza kupishana, na mpigaji ataanza kutafuta madoido ili apate pa kupumzikia. Madoido mengi tunayoyasikia kwenye sebene, kama mtu atasikiliza kwa haki, ni ya uchovu.

Hapa ndipo ufundi wa mikono unapopata kazi yake, na nataka nieleweke vizuri: siupingi. Percussive Arts Society, chama cha wapiga ngoma cha Marekani, ina orodha ya mazoezi 40 ya msingi ya fimbo, na anayeyaweza yote ana hazina. Lakini kwa anayeanza, matatu yanatosha kwa mwaka wa kwanza: kupokezana pigo moja moja kati ya kulia na kushoto, kupokezana mawili mawili, na lile la kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto. Shika fimbo kati ya kidole gumba na kile cha shahada, vidole vingine viizunguke bila kuikaba, uiache idunde yenyewe baada ya kugusa ngozi. Kazi yako ni kuirusha mara moja na kuipokea. Yafanye polepole, kwa sauti ndogo, dakika kumi kila siku, na usipandishe kasi mpaka mkono wa kushoto usikike sawa na wa kulia. Ufundi uliopatikana hivi hukulinda usichoke, hukuwezesha kupiga kwa sauti ndogo, na utakuwepo siku wimbo wenyewe utakapouhitaji.

Majina makubwa ya dunia yanaonyesha jambo hili vizuri kuliko maneno yangu. Charlie Watts alikaa na bendi ya Rolling Stones ya Uingereza tangu mwaka 1963 hadi alipofariki mwaka 2021, na alikuwa na tabia ya kuuinua mkono wa kulia kutoka kwenye haihati kila alipopiga snea, ili snea isimame peke yake. Clyde Stubblefield, aliyempigia mwimbaji James Brown wa Marekani, alirekodi mwaka 1969 mdundo ambao watengenezaji wa rapu waliuchukua na kuutumia tena mara nyingi sana. Ndani yake kuna mapigo madogo ya snea yanayonong'ona kati ya yale makubwa, na ni magumu kweli, lakini mchezaji hayahesabu, anayahisi kwenye kiuno. Tony Allen wa Nigeria, nguzo ya muziki wa Fela Kuti, alivifanya viungo vinne vya mwili wake viseme mambo manne tofauti bila hata kimoja kupiga kelele. Na Buddy Rich, ambaye kasi yake huonyeshwa kwa vijana kama kilele cha mbwembwe, alitumia miaka yake ya mwanzo akizisukuma bendi kubwa za dansi, zikiwemo za Artie Shaw na Tommy Dorsey, ambako watu walikuja kucheza. Chanda chema huvikwa pete, na yeye chanda alikuwa nacho.

Doido la kwanza

Ukishashika mdundo, anza kupamba kwa namna ambayo haitakuharibia ulichokijenga. Chagua wimbo mmoja unaoujua sana, usikilize bila kupiga, na kwa kalamu uweke alama mahali ambapo mwimbaji anavuta pumzi. Hizo ndizo nafasi halali. Mahali ambapo maneno yanaendelea hapana nafasi, hata kama mikono inawasha, kwa kuwa msikilizaji amekuja na sikio moja la kusikilizia ujumbe, na ukiligombania ujumbe ndio utakaopotea. Katika nyimbo nyingi za kwaya utabaki na nafasi tano au sita kwa wimbo mzima. Zigawe: mbili au tatu uziache tupu kabisa, na utashangaa jinsi ukimya mfupi unavyoweza kukivusha kiitikio kwa nguvu.

Liimbe doido kwa mdomo kabla ya kulipiga. Usiloweza kuliimba ukiwa unatembea, ukikanyaga moja kwa mguu wa kulia, bado si lako, na mikono ikilipiga inaliazima tu. Ukiliimba vizuri, lipige kwenye snea peke yake, bila kuzunguka tomu, huku kiki ikiendelea na haihati ikifungwa kwa mguu wa kushoto kwenye mbili na nne. Miguu haiondoki nyumbani. Anza na doido la hesabu moja, yaani ile ya nne, kabla ya kujaribu la hesabu mbili. La duru nzima lisubiri mwaka ujao. Nasema hivi kwa uzito.

Kisha rudi kwenye metronomi. Piga duru tatu za mdundo na ya nne yenye doido mwishoni, uendelee hivyo kwa dakika tano, ujirekodi. Katika rekodi lisahau doido lenyewe, usikilize pigo la moja linalofuata. Je, limeangukia mahali pake? Je, lina nguvu sawa na moja nyingine, au limepigwa kwa kishindo kama cha mtu aliyeruka mfereji akashukuru kufika? Je, duru ya kwanza baada ya doido ina kasi ileile? Kama majibu yote ni ndiyo kwa dakika tano, doido hilo limeiva na unaweza kulipeleka kwenye mazoezi ya kwaya. Kama hapana, lipunguze. Mara nyingi kuondoa mapigo mawili ya katikati hulifanya lisikike vizuri zaidi kuliko kuyapiga kwa kasi.

Zipo nafasi ambazo mbwembwe ni haki kabisa. Kwenye sherehe mshereheshaji anapomtaja mpiga dramu na wenzake wote wakanyamaza, kwenye tamasha la vijana lenye sehemu ya dramu pekee, au mwishoni mwa wimbo wa kufungia ibada ambapo watu wamesimama na hakuna anayesubiri maneno, hapo piga ulichonacho chote, na uwe umekifanyia mazoezi. Hadhira ya Iringa au Njombe hufurahia ustadi kama hadhira nyingine yoyote, na kuwanyima furaha hiyo kwa jina la unyenyekevu ni kukosea upande wa pili. Hata hapo, acha mguu mmoja uendelee kuihesabu nne kimya kimya, ili utakaporudi wenzako waipate moja bila kutazamana.

Baridi na fimbo

Kwa mpigaji wa nyanda za juu kuna mambo madogo ambayo wa pwani hayamhusu. Asubuhi za Juni na Julai joto la Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na vidole vilivyopoa havina mdundo wala mbwembwe. Vaa glovu njiani, upashe mikono joto kwa dakika kumi juu ya kipande cha mpira kabla ibada haijaanza. Ngoma za ngozi ya mnyama hulegea kwenye unyevu na hupashwa kwenye moto au juani, lakini ngozi za plastiki za seti ya dramu zisisogezwe karibu na moto hata kidogo. Kaza skrubu zake kwa ufunguo wake, ukienda kwa zile zinazotazamana.

Fimbo zangu za kwanza zilichongwa kwa msindano, ule mti wa mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, na zilivunjika moja baada ya nyingine kwa sababu ni mti laini. Za mlingoti zilidumu zaidi lakini zilikuwa nzito na zikaukakamaza mkono. Ukiweza, nunua jozi moja nzuri ya kiwandani ya ukubwa wa kati, ule unaoandikwa 5A, uitunze kwa ajili ya ibada na maonyesho, na zile za fundi seremala ziwe za mazoezi.

Jumamosi, mazoezi ya kwaya yatakapoanza, mwombe mpiga besi akae upande wa haihati yako, karibu kiasi kwamba anaiona kiki ikipigwa, na wimbo wa kwanza uupige wote bila toazi wala tomu, mkimtazama mwalimu mkono wake wa kulia. Sauti ya nne ikiingia kwenye moja bila kuoneshwa, uongeze doido lako kwenye ile nafasi ya kwanza uliyoiwekea alama kwa kalamu.